Jibu: MR2 inachemsha ikipanda Marangu

Mkuu, kwa kuwa Toyota MR2 yako ilianza kuchemsha baada ya kufungwa rejeta mpya, na inazidi ukipanda kutoka Himo kwenda Marangu, mimi nashuku hewa imenasa kwenye mfumo wa maji ya kupoozea injini. Usikubali kushusha silinda hedi kwanza.

Injini ya hiyo gari iko nyuma ya viti, rejeta iko mbele kabisa. Maji yanasafiri kwenye mabomba marefu chini ya bodi, na ukijaza kama Corolla hewa inabaki humo. Gari ikiwa imepoa kabisa, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha fungua vikoki vya kutolea hewa vya mbele: kwenye rejeta na upande wa hita. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani kwenye kila kimoja, uuning'inize juu, halafu mimina kulanti (maji ya kupoozea injini) kwenye mdomo wa kujazia ulio kule kwenye injini, polepole mpaka mapovu yaishe kwenye mipira. Inachosha, lakini ndiyo dawa. Ukiwasha na hita ikapuliza baridi wakati sindano ya joto inapanda, rudia.

Fundi akitaka kutoa thamostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) "ili maji yapite vizuri", kataa. Huo ugonjwa umejaa gereji zetu, Moshi hadi Arusha.

Mapovu yakiendelea bila kukoma injini ikinguruma, au kulanti inapungua na huoni inapovujia, hapo sasa tuongee gasketi ya silinda hedi.

Halafu hukusema: ukisimama kwenye foleni, feni ya rejeta inawaka?