Saiti Hukaguliwa Mvua Ikinyesha

Kwa miaka minne nilikuwa mjumbe wa kamati ya mazingira ya mtaa wetu, ulioko kando ya kijito kinachomwaga maji yake katika Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Katika muda huo miradi kadhaa ilijengwa pembezoni mwa bonde, nasi tulikuwa tukiikagua kwa namna moja: tunafika kiangazi, tunasoma bango la mradi, tunaangalia kibali cha ujenzi na cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira, tunasaini kitabu cha wageni na kuondoka. Karatasi zilikuwa sawa karibu mara zote. Ndiyo maana nawashauri wajumbe wenzangu wa mitaa mingine wasiishie hapo.

Mradi uliotufumbua macho ulikuwa wa maghala. Mwezi Februari greda lilisafisha kiwanja chote kwa siku mbili, hadi kwenye ukingo wa matete, ingawa msingi wa ghala la kwanza ungechimbwa miezi mitatu baadaye na wa ghala la pili haukuwa hata na tarehe. Hakuna aliyepinga, maana kibali kilikuwapo na kiwanja safi kinapendeza machoni. Masika ilipoingia, mvua ya usiku mmoja iliuteremsha udongo huo hadi kalavati la barabara ya mtaa likabaki na upenyo wa kupitisha mkono. Maji yaliyokosa njia yaliingia nyumba sita. Jirani mmoja alitutolea sufuria yake ya wali, ikiwa imejaa tope jekundu lililoanza kukauka na kupasuka, akaiweka miguuni petu bila kusema neno.

Tangu hapo, swali langu la kwanza kwa mkandarasi limekuwa lini udongo utaachwa wazi, na kwa eneo kubwa kiasi gani. Pwani yetu ina vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei, hivyo si vigumu kumtaka asafishe tu sehemu atakayoijenga kwa wakati huo na kuacha majani yaliyobaki, hasa ukanda ulio kati ya saiti na maji. Ukanda wa majani hupunguza kasi ya maji na kuyafanya yaache mchanga njiani, wala haumgharimu mkandarasi chochote zaidi ya kumzuia dereva wa greda.

Baada ya swali hilo, mwombe fomeni mtembee pamoja kutoka sehemu ya juu kabisa ya kiwanja hadi chini, akuonyeshe kwa kidole maji yatapita wapi. Fomeni wetu alisema yangeingia katika shimo la kutegea tope, na kweli shimo lilikuwapo, ila lilichimbwa mahali palipoinuka kuliko njia ya maji. Kizuizi cha kitambaa cha kuchujia nacho kilikuwa kimesimamishwa juu ya ardhi kama pazia, kwa hiyo maji yalipita chini yake. Upindo wa chini wa kitambaa hicho hufukiwa katika mfereji mdogo wenye kina cha kama sentimita 15 na kushindiliwa, nacho huwekwa kwenye mteremko kabla maji hayajafika kijitoni. Kukitanda katikati ya kijito ni kazi bure, kwa sababu maji ya masika hukizoa pamoja na nguzo zake.

Ukaguzi wenye faida zaidi, kwa uzoefu wangu, ni ule unaofanywa ukiwa umevaa mabuti na koti la mvua. Beba chupa mbili za maji ya kunywa za lita moja na nusu zilizo tupu. Moja ijaze juu ya saiti, nyingine chini yake, ziandike saa na tarehe, uzipige picha pamoja, kisha uziache zitulie hadi asubuhi. Mchanga hushuka kwa dakika chache tu, lakini udongo wa mfinyanzi huelea kwa muda mrefu, na asubuhi yake chupa yetu ya chini ilikuwa bado ina rangi ya chai ya maziwa. Chupa hizo si kipimo cha maabara na usidai kuwa ni kipimo, ila mhandisi aliyetubishia kwa wiki mbili alinyamaza tulipoziweka mezani. Pita na usiku pia, kwani pampu za kuvuta maji ya msingi huwashwa watu wakilala na mpira wake ukaelekezwa mtaroni.

Kifusi kinahitaji jicho kali kuliko tope, kwa sababu tope huonekana kuwa uharibifu ilhali kifusi huonekana kuwa maendeleo. Kipande cha bonde cha mita 50 kwa 40 kikiinuliwa kwa mita moja, nafasi ya maji lita milioni 2 imepotea, na maji hayo yatatafuta kwa jirani. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka Desemba 2011, mvua zilipoua watu zaidi ya 40 na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kwa hiyo hesabu tipa zinazoingia na andika siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Sisi tulipima kwa kamba kuanzia kwenye maji ya kiangazi, afisa mazingira akaturudisha: kijito kikijaa, ukingo wake uko mbali zaidi na pale tulipochomeka kijiti.

Kuhusu malalamiko, usiyapeleke kwa mdomo. Barua fupi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, picha zenye tarehe na sharti moja mahususi la kibali lililokiukwa humpa afisa mazingira wa halmashauri kitu cha kushika, na nakala yake iende NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, ikiwa mradi una cheti chao. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na kurasa nne za uchungu na haikujibiwa. Ya pili ilikuwa na aya mbili, na afisa alikuja baada ya siku tano.

Mwisho, msimpe mkandarasi mkono wa kwaheri kabla hajazibua mitaro, hajapanda majani kwenye udongo uliobaki wazi na hajaonyesha tope alilolitoa limepelekwa wapi. Wetu alizibua kalavati kama tulivyomwagiza, tukamshukuru mbele ya mkutano wa mtaa. Tope lilijaza tipa saba, na jioni ile ile, nikiwa narudi nyumbani, nilizikuta sita zikilimwaga upande wa pili wa bonde lile lile.