Je, tezi yangu ya shingo iondolewe?

SWALI: Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 43 na ninaishi Umoja, Nairobi. Picha ya shingo imeonyesha vinundu vitatu kwenye tezi ya thairoidi, kikubwa kikiwa na sentimita 2.4. Damu haina tatizo. Nilidungwa sindano ya kuchukua chembe na majibu yakasema "Bethesda III". Daktari wa upasuaji anataka kuiondoa tezi yote. Mume wangu anasema nisikawie, mama mkwe anasema nisikubali kisu. Nifanye nini?

JIBU: Mwalimu, pole kwa wasiwasi huu. Majibu hayo hayasemi kwamba una saratani, wala hayasemi kwamba huna. Maana yake ni kwamba mtaalamu aliyezitazama chembe zako kwa hadubini aliona mabadiliko fulani, ila hayakutosha kukata shauri. Mfumo wa Bethesda, unaotumika kupanga majibu ya sindano ya thairoidi kulingana na hatari ya saratani, una madaraja 6. Katika toleo lake la 2023, wastani wa hatari ya saratani kwenye daraja la 3 ni takriban asilimia 22, ilhali kwenye daraja la 6 ni asilimia 97. Tena hesabu hiyo imetokana hasa na watu waliopasuliwa, ambao ndio walioshukiwa zaidi, kwa hiyo huenda hatari halisi ni ndogo kuliko hapo.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, kuiondoa tezi yote kwa sababu ya jibu hilo pekee ni haraka mno. Kwanza omba vioo vyenye chembe zako, si karatasi ya majibu tu, visomwe upya na mtaalamu mwingine wa patholojia, kwa mfano katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kisha uliza kuhusu kurudia sindano, kwani mara nyingi sindano ya pili hutoa jibu lililo wazi zaidi. Ripoti ya picha nayo isomwe kwa makini: ikitaja kingo zisizo sawa, vichembe vidogo vya chokaa, au kinundu kilichosimama kuliko kilivyotanda, mimi pia ningeegemea upande wa upasuaji.

Hata hapo, kuna upasuaji wa kuondoa upande mmoja tu, na wengi hubaki na homoni za kutosha, ingawa takriban mtu mmoja kati ya watano huhitaji dawa baadaye. Tezi yote ikiondolewa, utameza levothyroxine, dawa inayoziba pengo la homoni za tezi, kila siku maisha yako yote, kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai ya asubuhi. Vijitezi vinavyosimamia kalsiamu, vilivyo nyuma yake, vikiumia, utahisi mchonyoto midomoni na kwenye ncha za vidole. Na kwako wewe unayefundisha kwa sauti siku nzima, neva ya sauti inayopita hapo si jambo dogo hata kidogo. Muulize daktari waziwazi anafanya upasuaji wa aina hii mara ngapi kwa mwaka. Utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba wagonjwa wa madaktari wanaofanya zaidi ya 25 kwa mwaka hupata madhara machache zaidi.

Mama mkwe anastahili kusikilizwa, lakini mwambie kwa heshima kwamba kukataa kisu leo si kuacha kliniki. Saratani ya thairoidi iliyo ya kawaida zaidi hukua polepole na hutibika vizuri, kwa hiyo unayo nafasi ya kupima mambo. Hata hivyo, sauti ikikwaruza bila mafua, chakula kikikwama, pumzi ikibana unapolala chali, au uvimbe ukikua upesi, usingoje tarehe uliyopewa. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.