Kabla ya Kupanda Juu ya Kreti, Soma Peslipu

Wadogo zangu mliochaguliwa juzi kuwa wawakilishi wa wafanyakazi, na nyinyi mlioingia msimu huu na bado mnauliza chama cha wafanyakazi ni cha nini: nimekata maua Naivasha miaka kumi na tisa, sita kati yake nikiwa mwakilishi. Sheria sikuisomea. Nilicho nacho ni madaftari matatu yaliyojaa, na makosa ambayo wengine walinilipia.

Kosa kubwa nililifanya Februari yangu ya kwanza nikiwa mwakilishi. Anayefanya kazi kando ya ziwa anaijua Februari: waridi linatakiwa Ulaya kabla ya tarehe 14, watu wanaingia shambani gizani na kutoka gizani. Mshahara wa Januari ulipotoka, pesa za saa za ziada zilikuwa pungufu. Watu wakanijia wakiwa na hasira. Nami, kwa kutaka kuonekana jasiri, nikapanda juu ya kreti nikasema mikasi chini. Siku mbili hakuna ua lililokatwa. Tukajiona tumeshinda.

Siku ya tatu afisa wa chama alifika kutoka tawini, akaniuliza swali moja tu: notisi iko wapi? Sikuwa nayo, wala sikujua kwamba inahitajika. Haki ya kugoma imo kwenye Katiba ya Kenya, Ibara ya 41, lakini Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 imeiwekea njia yake. Mgogoro unaripotiwa kwa Waziri wa Kazi, msuluhishi anapewa nafasi ya siku 30, na usuluhishi ukishindikana, notisi ya maandishi ya siku 7 inakwenda kwa mwajiri na kwa Waziri. Mgomo usiofuata njia hiyo hauna kinga, na mwajiri ana ruhusa ya kukuchukulia hatua za nidhamu. Malipo ya siku za mgomo ndiyo usiyategemee kabisa, hata kama mgomo ni halali.

Wenzangu kadhaa walipewa barua za kujieleza. Mmoja wao, mama wa watoto watatu kutoka Vihiga, hakurudi kazini. Na zile pesa? Zilipatikana Aprili kwa njia ya kuchosha isiyo na vigelegele. Tulikusanya peslipu, zile karatasi za mchanganuo wa mshahara, tukazilinganisha na saa ambazo watu waliandika wenyewe, tukaketi na ofisi ya wafanyakazi mstari kwa mstari. Mkataba wetu ulisema saa ya ziada ya siku ya kawaida ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Wao walikuwa wameilipa kama saa ya kawaida. Tungelijua hilo mapema kama mmoja wetu angekuwa na kalamu.

Kwa hiyo anza na peslipu. Mwajiri analazimika kukupa, na ieleze kila kinachokatwa. Mfuko wa afya wa SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, ushuru wa nyumba ni 1.5 na mwajiri naye anaongeza 1.5 yake, kisha kuna NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kodi kwa wanaofikia kiwango, na ada ya chama ikiwa umejiunga. Andika saa zako kila jioni kabla usingizi haujakuzidi. Mimi nilikuwa naandika nyuma ya kalenda ya jikoni, na mume wangu alidhani ni madeni ya duka.

Sasa niseme kuhusu barua ya kujieleza, maana hapo ndipo mwakilishi anapata au anapoteza heshima yake. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinasema mtu asiachishwe kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kwa kutoweza kazi kimwili kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Pia ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama katika kikao, na wote wawili wasikilizwe. Msikie vizuri hapo kwenye lugha. Nimeketi kwenye vikao ambavyo karatasi yote ni ya Kiingereza kigumu na anayeshtakiwa anatikisa kichwa tu kwa woga. Simamisha kikao. Omba kitafsiriwe, na uombe jambo hilo liandikwe kwenye kumbukumbu. Kama mtu ameiba, usiseme hakuiba. Kazi yako pale ni kuhakikisha anajua anachoshtakiwa, amepata muda wa kujibu, na adhabu inalingana na kosa. Meneja akishakujua kwamba hutetei uongo, siku unayosema huyu anaonewa atakusikiliza. Ilinichukua miaka miwili kufika hapo.

Halafu idadi. Chama chetu sisi wa mashamba, Kenya Plantation and Agricultural Workers Union, makao yake makuu yako Nakuru, lakini nguvu yake shambani mwako ni saini za wanachama tu. Mwajiri analazimika kukitambua chama kilichoandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Msiridhike na mtu anayesema "niko nanyi" kwenye mstari wa chakula. Asaini fomu ya kukatwa ada, muione.

Kuhusu meza ya mazungumzo, nilifundishwa Kisumu, katika Chuo cha Tom Mboya cha COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi, jambo ambalo wengi hawalitumii: kifungu cha 57 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi kinamtaka mwajiri atoe taarifa zinazohusika ili chama kiweze kujadiliana. Usiingie ukitaja asilimia uliyoisikia kwenye matatu. Omba takwimu kwanza, kwa barua. Na mkishakubaliana, msicheze ngoma bado. Mkataba wa pamoja, ule tunaouita CBA, unaanza kutekelezwa ukisajiliwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ingawa nyongeza inahesabiwa kuanzia tarehe mliyokubaliana. Usajili ukichelewa, daini malimbikizo. Na ukishasajiliwa unamfunika kila mfanyakazi anayestahili, hata yule aliyekataa kujiunga, jambo ambalo huwaudhi wanachama sana. Waambieni wavumilie.

Vibarua, msidhani haya hayawahusu. Ukifanya kazi mfululizo siku zinazofikia mwezi mmoja, au ukipewa kazi ambayo kwa kawaida haiishi chini ya miezi mitatu, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinakuondoa kwenye ukibarua na kukuweka kwenye mkataba wa mwezi. Ndiyo maana baadhi ya wasimamizi humwambia mtu apumzike siku chache, kisha arudi. Weka tarehe zote.

Tarehe, narudia. Mwaka juzi mzee mmoja alikuja nyumbani Karagita jioni, kofia mkononi. Alikuwa ameachishwa bila kikao chochote, na barua alikuwa nayo, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho. Kesi ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kuona. Nikaifungua barua, tukahesabu pamoja kwa vidole. Madai ya ajira hufunguliwa mahakamani ndani ya miaka 3, na yeye alikuwa amepita kwa miezi miwili. Alisema alikuwa akingoja meneja mpya, huenda angekuwa na huruma. Nikamwekea chai, akanywa yote, akaikunja tena ile barua jinsi ilivyokuwa.