Kulisha nyuki wachache bila kuwaitia wezi

Jamani leo niwape kosa langu bure. Mwaka wa kwanza nafuga nyuki huku Manyoni nilikuwa na mizinga sita, minne imejaa hadi inavuma, miwili ina vikundi vidogo vilivyoingia mwisho wa msimu, yaani ukifunua unakuta masega matatu tu. Mwezi wa nane alizeti ishavunwa zamani, pori limekauka, ua la kutafuta kwa tochi. Nikawaonea huruma bhana, nikakoroga sukari nikaiweka kwenye beseni katikati ya manzuki, yaani pale mizinga ilipo, saa nne asubuhi, jua linawaka, najua kila mtu atakunywa ashibe.

Wee! Nusu saa haijaisha beseni jeusi kwa nyuki, wa kwangu na wa porini huko nisiowajua, na sukari ilipoisha hawakuondoka, wakaanza kunusa mzinga mmoja mmoja. Kule kwenye nyuki wengi walinzi wakawatimua, basi wote wakaangukia kale kamoja kadogo. Mlangoni nyuki wameng'ang'aniana wanabingirika hadi chini, wengine wanazunguka nyufa za nyuma wanatafuta pa kupenya. Jioni nafunua, masega yamechanwachanwa, sakafuni unga wa nta mtupu. Kesho yake waliobaki wakahama. Nyuki wetu hawa ukiwachanganyia njaa na fujo hawakusubiri.

Siku hizi chakula kinaingia ndani ya mzinga, na naweka jioni, jua likishazama ila bado naona mikono yangu. Usiku nyuki hawaruki kwenda kutafuta, kwa hiyo hata wakichangamka na hiyo sukari, wanachangamkia ndani kwao. Nachukua kilo moja ya sukari nyeupe kwa lita moja ya maji, maji yakichemka naepua ndo namimina sukari, maana ikiungua inawadhuru. Sukari guru acha, inawaharisha. Asali ya kununua ndo kabisaa usithubutu, inanukia hadi kwa wezi na inaweza kuja na magonjwa ya kwa watu.

Chombo changu ni chupa ya jemu, kifuniko nimekitoboa matundu machache kwa msumari mwembamba. Kabla sijaenda manzukini naigeuza kichwa chini hapo nyumbani, inadondosha matone kidogo halafu inatulia. Isipotulia siipeleki, kwa sababu itavuja hadi nje ya mzinga na hapo umewaita wezi na siafu kwa mkupuo. Naiweka juu ya vijiti viwili nyuma ya sega la mwisho, mbali na mlango, ili mwizi akitaka kuifikia apite kwanza katikati ya wenye nyumba. Kiasi ni kile watakachomaliza usiku huo, kikundi kidogo nawapa kama nusu glasi, kikibaki kesho napunguza. Tone likianguka nje nafuta na kitambaa chenye maji, hapo hapo.

Mlango nao. Mzinga wangu una matundu manne, nayaziba matatu kwa udongo, linabaki moja la kupita nyuki wawili tu. Kikundi kidogo hakiwezi kulinda geti la lori.

Na ikitokea wizi umeshaanza mchana? Usifunue mzinga, utawarahisishia. Banza majani mabichi mlangoni, funika na gunia lililoloweshwa, uache upenyo mdogo wa hewa, na mizinga ya jirani yake ibane milango pia. Giza likiingia ndo unaenda kutoa chupa.

Ila kabla ya kuhangaika na sukari na bei yake hii, angalia kama kuna mayai kwenye masega, ndo dalili malkia yupo. Kama malkia hayupo, unalisha wageni tu, bora uwaunganishe na kundi lingine. Na mvua zikianza maua yakafunguka, toa chupa mapema, la sivyo utakuja kumuuzia mtu sukari yako mwenyewe ukiiita asali.