Maswali na Majibu: Meza ya Msimu Ipungue Vitabu

Barua za safari hii zinahusu maonyesho ya vitabu ya msimu na shughuli zinazoandamana nayo maktabani. Nimechagua nane. Zile zilizoomba mapambo bila kutaja kitabu hata kimoja nimeziweka kando, isipokuwa moja, kwa kuwa aliyeiandika anawasemea wengi.

Swali: Nianze lini kuandaa maonyesho ya msimu wa mvua?

Chagua vitabu wiki sita kabla, na meza iwe tayari wiki mbili kabla ya msimu wenyewe. Wengi hungoja mawingu yatande ndipo watafute gundi na mkasi, ilhali anayetaka kujifunza kuandaa shamba anahitaji kitabu kabla ya tone la kwanza. Sikukuu nazo ni hivyo hivyo: vitabu vya mapishi na vya kazi za mikono huazimwa siku za maandalizi, kwa maana siku yenyewe watu wako kwenye sherehe zao na maktaba huenda imefungwa. Naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Kitabu kikihama rafu, katalogi ionyeshe kwamba kiko kwenye meza ya maonyesho. Msomaji aliyefika kwenye rafu akiwa na namba sahihi mkononi, akakuta pengo, huondoka akiamini kwamba kitabu kimepotea.

Swali: Naomba nukuu na picha za kupamba ubao kwa ajili ya Siku ya Vitabu Duniani, na tafadhali nikumbushe tarehe yake.

Ni tarehe 23 Aprili, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995, na mkutubi anayeiuliza kila mwaka angefaa kuiandika kwenye kalenda yake. Usiichanganye na Siku ya Kimataifa ya Vitabu vya Watoto, ambayo ni tarehe 2 Aprili, siku aliyozaliwa Hans Christian Andersen, mwandishi wa Denmark wa hadithi za watoto. Wala usipakue bango lolote tu kwenye intaneti, kwani Uingereza huwa na siku yake ya vitabu mwezi Machi, na mabango yake ndiyo mengi.

Nukuu sitakupa. Ubao uliojaa maneno kuhusu faida za kusoma unawahubiria watu ambao tayari wamekwisha kuingia maktabani. Ukitaka kuutumia ukuta, bandika vitendawili, na jibu la kila kimoja lipatikane katika ukurasa uliotajwa wa kitabu kilichosimama chini yake. Mtoto anayetafuta jibu la "Nyumba yangu haina mlango" atafungua kitabu cha ndege na mayai yao, na mara nyingi hatakifunga upesi. Shughuli hii inaifaa pia Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, ambayo mara nyingi tunaimalizia kwenye hotuba.

Swali: Vitabu vya maonyesho viazimwe, au vibaki mezani hadi msimu uishe?

Viazimwe siku ileile, na pengo lijazwe kabla ya jioni.

Swali: Maktaba yetu ni ndogo, na hatuna hata vitabu vitano kuhusu majira ya mwaka. Tufanyeje?

Tatizo lenu ni kulichukua neno "kuhusu" kwa ufinyu mno. Tuseme mada ni mvua. Mkitumia mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za mada, msiishie kwenye 551 palipo na hali ya hewa. Piteni 398.2 mkachukue ngano ambamo wanyama wanagombania maji, 614 mkachukue kijitabu cha kujikinga na maradhi, 624 mkachukue ujenzi wa madaraja, 631 mkachukue kilimo, kisha mwende kwenye fasihi mkatafute diwani yenye shairi moja tu la mvua na kuiweka ikiwa wazi kwenye ukurasa huo. Meza imejaa, na hamjanunua kitu. Uzuri wa mchanganyiko wa namna hii ni kwamba anayefuata ngano hukutana na daraja, jambo ambalo rafu zilizopangwa kwa namba haziwezi kumfanyia.

Mnapochagua, tazameni karatasi ya tarehe za kurudisha iliyobandikwa ndani ya kitabu, na mvipe nafasi vilivyokaa muda mrefu bila kuazimwa ingawa bado ni vizuri. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa heshima zao zote, hawakuwahi kukitafuta kitabu chembamba kilichobanwa kati ya vinene viwili. Visimamisheni, majalada yatazame mlango.

Swali: Tunapanga mashindano ya likizo, ambapo mtoto atakayesoma vitabu vingi zaidi atapata zawadi. Je, unatushauri nini?

Nawashauri muache. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa shule ya awali waliokuwa wakipenda kuchora. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora walikuja kutumia takriban nusu ya muda ambao wenzao wasioahidiwa kitu waliutumia kuchora kwa hiari, ilhali waliopewa cheti bila kukitarajia hawakupungukiwa na hamu. Kuchora si kusoma, nakubali, lakini nimekwisha kuyaona mashindano haya: mtoto mwenye akili huchagua vitabu vyembamba, na anayesoma polepole hujua wiki ya kwanza kwamba ameshindwa, kisha haonekani tena.

Lengo liwe la wote. Chora mti mkubwa usio na majani, na kila msomaji, mdogo kwa mkubwa, aongeze jani moja kwa kila kitabu alichokimaliza, akiandika sentensi moja ya kumwambia atakayekisoma baada yake. Mtoto aliyesomewa kwa sauti naye ahesabiwe kuwa amesoma. Na nawasihi msidai muhtasari, kwani mtoto yuko likizoni.

Swali: Kuvifunga vitabu kwa karatasi ili msomaji aazime asichokijua kunasaidia?

Kunasaidia kwa watu wazima waliozoea mwandishi mmoja. Andika nje maneno matatu ya kudokeza na namba ya usajili, ili usilazimike kuichana karatasi unapoazimisha. Usiitumie njia hii kuondoa vitabu vilivyokushinda. Msomaji akidanganywa mara moja hatarudi kwenye meza hiyo.

Swali: Je, dirisha lenye jua linafaa kwa maonyesho?

Halifai. Jua hupausha majalada, na rangi iliyokwisha kupauka hairudi. Weka dirishani nakala za majalada.

Swali: Nitajuaje kwamba maonyesho yamefaulu?

Hesabu vitabu vilivyoondoka mezani, kisha uangalie vitabu hivyohivyo viliazimwa mara ngapi katika muda kama huo kabla ya maonyesho. Wapo pia wanaosoma papo hapo bila kuazima. Waombe waviache vitabu mezani badala ya kuvirudisha wenyewe, nawe uvihesabu jioni. Kitabu ambacho hakijaguswa kwa wiki nzima kipishe kingine. Zikipita wiki mbili na hakuna kilichoondoka, usiongeze maputo, bali isogeze meza mpaka pale watu wanaposubiri kuhudumiwa, uanze kuhesabu upya.