Usimrudishe Babu Kwenye Mada

Wiki iliyopita msomaji wa Muscat aliniandikia: "Dada, nataka kurekodi maisha ya babu. Nikimuuliza aliondokaje Unguja mwaka 1964, ananijibu habari za jini la mbuyuni. Nimrudishe vipi kwenye mada?"

Usimrudishe. Mimi niliwahi kumrudisha mtu kwenye mada, na aibu yake bado ninayo.

Mnaonifuatilia mnajua kazi yangu ya kwanza Toronto ilikuwa kutunza wazee. (Zile zamu za usiku tuziache.) Mmoja wao alikuwa bibi wa Kiestonia, yaani wa Estonia, nchi ndogo ya Ulaya jirani na Urusi. Mwaka 1944, akiwa na miaka 12, aliondoka kisiwa cha Saaremaa na wazazi wake kwa mashua ya uvuvi kwenda Sweden, jeshi la Kisovieti likiwa linarudi. Waestonia makumi ya maelfu walikimbia wakati ule, na wengi waliotua Sweden wakasogea mpaka Kanada, wakihofia kurudishwa kwa nguvu.

Familia yake iliniomba nimrekodi, apewe kijitabu siku ya kutimiza miaka 80. Nikajiona mwandishi! Nilikuwa na maswali yangu kwenye daftari: mwaka gani, mlikuwa wangapi, mlitua wapi. Yeye akaniletea kratt.

Kratt hutengenezwa. Unafunga pamoja ufagio mkuukuu, fito na nyasi kavu, unampa shetani matone matatu ya damu, kinapata uhai na kwenda kukuibia nafaka za majirani. Chuma ulete, kwa kifupi, ila chenye mikono. Na lazima kipewe kazi saa zote, la sivyo kinamgeukia mwenyewe. Dawa yake ni kukituma kisichowezekana, mathalani kujenga ngazi ya mkate. Bibi alinionyesha hapo hapo kwenye sahani, akisimamisha vipande vya mkate wao mweusi kimoja juu ya kingine mpaka vikaanguka kwenye chai. Nikazima simu. "Bibi, turudi kwenye mashua."

Siku nyingine alisema, "Dada yangu alibaki akingoja meli nyeupe." Hapo nikachangamka, meli! Nikaandika kwamba dada aliachwa bandarini na meli haikufika. Tukachapa nakala 40.

Kwenye sherehe binti yake mkubwa alisoma kwa sauti. Alipofika hapo akanyamaza. Kwa kalamu yangu, wazazi wa bibi walikuwa wamemtupa mtoto wao bandarini. Kumbe dada alikuwa ameolewa, alibaki shambani kwa mumewe kwa hiari yake. Meli nyeupe ni ngano. Mwaka 1861 wafuasi wa nabii aliyeitwa Maltsvet walikaa Lasnamägi, kando ya Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakiingoja ije iwapeleke nchi ya neema. Haikuja. Baada ya vita, waliobaki chini ya Wasovieti wakaurudia msemo huo wakitazamia Uingereza na Marekani zije kuwaokoa. Uhuru ulirudi 1991, dada akiwa ameshafariki.

Mgeni mmoja alisema, kwa makusudi nisikie, kwamba haya ndiyo matokeo ya kumpa mhudumu kazi ya mwandishi. Sijamsahau.

Bibi mwenyewe aliniita asubuhi yake. "Leta simu yako. Leo usinikatize." Aliongea mchana kutwa. Akarudi kwenye kratt bila kuulizwa, nikajua alikuwa anakwenda wapi siku ile nilipozima: baba yake, mchana kiwandani, usiku akijenga nyumba yao kwa mikono yake, hakujua kupumzika. "Kanada ilimtuma baba ngazi ya mkate," alisema. Baba huyo alianguka akiwa kazini. Toleo la pili liliombwa na jamaa zao wa Stockholm, na ndiyo, najisifu.

Jamani, tunawahoji wazee wetu kama maofisa wa uhamiaji! Jakob Hurt, mchungaji wa Kiestonia, mwaka 1888 aliwaomba walimu wa vijijini na wakulima wamwandikie ngano na nyimbo zao. Wakaandika, na maandishi yapo Tartu, mji wa huko Estonia, mpaka leo. Hakuna aliyeambiwa anapotoka kwenye mada. Acheni simu iendelee kurekodi. Msizime. Narudia, msizime, hata akianza majini, hata kama mmeisikia mara kumi.

Na wewe wa Muscat, muulize babu mbuyu ule ulikuwa upande gani wa nyumba yao, na nani mwingine alikuwa akipita pale usiku.