Mlei afanye nini kanisa linapogombana juu ya mafundisho

Tangu Mei 2024, Mmethodisti wa Dar es Salaam akienda kwenye kikao cha harusi au kwenye msiba huulizwa swali lile lile, mara nyingi na shemeji Mlutheri au jirani Mwislamu asiye na nia mbaya yoyote: ni kweli kanisa lenu limeruhusu ndoa za jinsia moja? Wengi walijibu harakaharaka, wengine kwa kukana kila kitu, wengine kwa kuapa kwamba wangehama Jumapili inayofuata, na ni wachache sana waliokuwa wameona karatasi yoyote inayolieleza jambo hilo. Mimi ni mlei, yaani muumini asiye mchungaji, na ni kiongozi wa darasa, kikundi kidogo cha waumini wanaofuatiliana hali, katika kanisa dogo la upande wa Mbagala. Sikusomea theolojia, na ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa kukaa kwenye vikao wakati wa migogoro miwili ya mafundisho, mmoja ulioanzia ng'ambo na mwingine ulioanzia kwenye mkesha wetu wenyewe. Ninachokishikilia ni kwamba mlei wa Kimethodisti ana kiti halali katika kila ngazi ya maamuzi ya kanisa lake, na kwamba mgogoro humharibu pale anapokiacha kiti hicho akaenda kupigana mahali ambapo hakuna kikao.

Kabla ya yote, ujue habari uliyoletewa ni ya Wamethodisti gani, kwa sababu jina hilo linabebwa na makanisa mengi yasiyotawaliana. Kanisa la Methodisti la Kenya, ambalo mizizi yake ni wamisionari Waingereza walioanzisha kituo Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862, limejitegemea tangu 1967. Kanisa la Methodisti la Uingereza lilipiga kura yake kuhusu ndoa Juni 2021, na kura hiyo haikumfunga mtu yeyote Nairobi wala Dar es Salaam. Kanisa la Muungano la Methodisti, lile lililoundwa Dallas mwaka 1968, ni jingine kabisa. Sisi wa Tanzania tulio ndani yake tumekuwa kwa miaka mingi sehemu ya eneo la kiaskofu la Katanga Kaskazini, nchini Kongo. Wale waliojitenga nalo wakaanzisha Global Methodist Church, Mei 2022, ni wengine tena. Kwetu ilisambazwa habari ya Uingereza ya 2021 kana kwamba ni ya wiki ile, tena ikihusishwa na askofu wetu, na jioni nzima ya kikao ilipotea kwa kubishana juu ya uamuzi ambao haukutuhusu.

Ukishajua ni kanisa gani, tafuta maneno yenyewe yaliyopitishwa. Mkutano Mkuu wa Kanisa la Muungano la Methodisti, kikao chake cha juu kabisa cha maamuzi, uliofanyika Charlotte, Marekani, Aprili na Mei 2024, uliondoa katazo la kuwawekea mikono ya uchungaji watu wenye mahusiano ya jinsia moja kwa kura 692 dhidi ya 51, pasipo mjadala, kwa kuwa hoja hiyo ilikuwa ndani ya kifurushi cha hoja zilizopigiwa kura kwa pamoja. Uliondoa pia katika Kanuni za Kijamii, yaani msimamo wa kanisa kuhusu mambo ya jamii, ile kauli ya mwaka 1972 iliyosema kwamba mwenendo huo haupatani na mafundisho ya Kikristo. Maelezo mapya kuhusu ndoa yanataja mwanamume na mwanamke wenye umri wa kuridhia, au watu wazima wawili wenye umri huo, na marekebisho yaliyoweka maneno hayo yalitolewa na mjumbe kutoka Zimbabwe, jambo ambalo wengi wa wanaosema Afrika haikusikilizwa hawalijui. Uamuzi huo haumlazimishi mchungaji yeyote kufungisha ndoa asiyoiamini. Na hapa nyumbani Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo yule mama aliyekuwa akihofia kwamba kuna ndoa ingetangazwa madhabahuni petu hakuwa na sababu ya kukosa usingizi.

Sisemi kwamba jambo hilo ni dogo. Msimamo wangu kuhusu ndoa ni ule niliolelewa nao na sijaubadilisha, na kura ile ilinihuzunisha. Lakini mlei anapaswa kutofautisha mambo ya ngazi tofauti. Mafundisho ya msingi ya kanisa letu yamo katika Vifungu vya Dini 25, ambavyo John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, alivifupisha mwaka 1784 kutoka vile 39 vya Kianglikana na Wamarekani wakaongeza kimoja, katika Ungamo la Imani lenye vifungu 16, na katika mahubiri ya Wesley pamoja na maelezo yake juu ya Agano Jipya. Ili Vifungu hivyo viguswe, zinahitajika theluthi mbili za kura katika Mkutano Mkuu na robo tatu ya kura za wajumbe wa Konferensi za Mwaka, yaani vikao vya kanisa vya kila eneo, duniani kote. Kanuni za Kijamii na taratibu za Kitabu cha Nidhamu, yaani kitabu cha sheria za kanisa letu, hubadilishwa kwa urahisi zaidi, na zimebadilishwa mara nyingi. Anayesimama mbele ya ushirika na kusema kwamba kanisa limemkana Kristo aonyeshe ni kifungu gani kati ya vile 25 kilichofutwa. Akisema kwamba kanisa limeyumba katika maadili ya ndoa, hiyo ni hoja nyingine, ina uzito wake, na ijadiliwe kwa jina lake.

Mgogoro wa pili ndio ulionifundisha zaidi, labda kwa sababu hatukuwa na mtu wa ng'ambo wa kumlaumu. Mhubiri mgeni alialikwa kwenye mkesha, akafundisha kwamba ubatizo wa watoto wachanga si ubatizo, na kwamba aliyenyunyiziwa maji akiwa mikononi mwa mama yake bado hajabatizwa. Kabla wiki haijaisha akina mama kadhaa, na baadhi ya vijana wa kwaya, walikuwa wamejiandikisha kwenda kuzamishwa baharini Kigamboni. Wazee wa kanisa walikasirika, mmoja akapendekeza wote wasimamishwe kushiriki Meza ya Bwana, na kwaya ikagawanyika kiasi kwamba sauti ya tatu haikuwa na mtu Jumapili mbili mfululizo.

Kilichosaidia ni kwamba tulikubaliana kukutana kwa darasa, si kwa ushirika mzima, na kila mtu aje na maandishi. Watu wengi wamesahau kwamba darasa la Kimethodisti lilianza Bristol mwaka 1742 kwa sababu ya deni la jengo: kila kiongozi alipewa watu wa kuwapitia kila wiki kukusanya peni moja moja, na kwa kuwapitia huko ndipo alipojua nani anaumwa, nani amerudia ulevi, nani haongei na mkewe. Darasa ni mahali pa watu wachache wanaojuana, na mtu anayejulikana hali yake ya nyumbani si rahisi kumwita mzushi. Tulisoma Kifungu cha 17, kinachosema waziwazi kwamba ubatizo wa watoto wadogo udumishwe kanisani. Tukasoma Kitabu cha Nidhamu, kinachomkataza mchungaji kumbatiza mtu mara ya pili. Kisha tukamwachia dada mmoja aeleze kwa nini alikuwa amejiandikisha, na maelezo yake hayakuhusu kiasi cha maji hata kidogo. Alitaka siku ambayo yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, angemkiri Kristo mbele za watu, kwa sababu siku ya kipaimara chake alikuwa hospitalini.

Kwa jambo hilo kanisa lina ibada yake: kufanya upya agano la ubatizo, ambayo mtu anaweza kuifanya mara nyingi katika maisha yake bila kubatizwa tena. Ipo pia ibada ya agano ambayo Wesley aliianzisha mwaka 1755, na Wamethodisti wa nchi nyingi huifanya mwanzoni mwa mwaka. Mchungaji alikubali kuiweka kwenye mkesha wa mwaka mpya. Wengi wa waliokuwa wamejiandikisha walibaki. Wawili walikwenda Kigamboni, wakazamishwa, na wapo nasi hadi leo, kwa kuwa pendekezo la kuwasimamisha halikupita. Nilipiga kura dhidi ya pendekezo hilo na ningefanya hivyo tena.

Mchungaji naye afikiwe kwa utaratibu. Katika mazingira yetu, mlei anayemwambia mchungaji hadharani kwamba amekosea katika mafundisho amefunga mlango wa mazungumzo, hata kama amesema kweli, kwa maana mchungaji atalazimika kulinda heshima yake kabla ya kutafakari hoja. Nimeona mara nyingi kwamba maneno kama "Baba Mchungaji, naomba unisaidie kuelewa, kwa sababu kitabu kinasema hivi," yakisemwa ofisini siku ya katikati ya wiki, huzaa matunda ambayo kelele za baada ya ibada haziwezi kuzaa. Isiposaidia, ipo kamati ya uhusiano wa mchungaji na kanisa, kisha yupo msimamizi wa wilaya, kisha askofu. Kueneza mafundisho yaliyo kinyume na misingi ya kanisa ni kosa linaloweza kushtakiwa chini ya Kitabu cha Nidhamu, lakini malalamiko hayo huandikwa na kutiwa saini. Anayekataa kutia saini asiyaseme pia kwenye daladala.

Kuhusu makundi ya WhatsApp nitasema kwa ufupi: kundi la kwaya liwe la ratiba ya mazoezi na michango ya sare. Hoja ya mafundisho iliyoanzishwa humo saa nne usiku haina mwenyekiti, haina muhtasari, na haiishi.

Narudi kwenye kiti nilichokitaja. Katika Konferensi ya Mwaka walei na wachungaji huwa na uwakilishi ulio sawa, na katika Mkutano Mkuu nusu ya wajumbe ni walei. Mjumbe mlei anayetumwa kutoka kanisani kwako unamfahamu, unajua anakoishi, na mara nyingi amechaguliwa kwa sababu ana nafasi ya kusafiri kuliko kwa sababu mtu alimuuliza anaamini nini. Muulizeni kabla hajaondoka, na akirudi mpeni muda wa kutoa taarifa kamili, si dakika mbili za matangazo. Kanuni inamruhusu pia mlei yeyote kutuma hoja yake kwa Mkutano Mkuu, ilimradi aiandike kwa utaratibu, aweke jina lake na aiwasilishe mapema. Sijakutana na Mtanzania mlei aliyewahi kufanya hivyo, ingawa nimekutana na wengi waliolalamika kwamba hakuna anayewasikiliza. Mpango wa kanda, uliopitishwa Charlotte na kuthibitishwa na Konferensi za Mwaka mwaka 2025, unaipa Afrika nafasi pana zaidi ya kupanga mambo yake yenyewe. Hapo patakuwa na kazi ya kuandika, na watakaokuwepo wakati wa kuandika ndio watakaosikika.

Kuna kikwazo cha lugha ambacho ni cha haki kukilalamikia. Karatasi nyingi zilitufikia kwa Kiingereza, na waliozielewa walikuwa watatu au wanne, tena wakizieleza kila mmoja kwa mwelekeo wake. Kifungu cha 15 kinasema ni kinyume cha Neno la Mungu kuomba hadharani au kutoa sakramenti kwa lugha ambayo watu hawaielewi. Kiliandikwa kwa ajili ya Kilatini cha enzi zile, lakini sioni kwa nini mlei wa Mbagala asikitumie kudai kwamba uamuzi unaogusa imani yake asomewe kwa Kiswahili kabla ya kuulizwa anaunga mkono upande gani.

Mambo mawili ya kidunia hujificha nyuma ya mafundisho, nayo ni sadaka na kiwanja. Kususa sadaka ili kupinga uamuzi wa Charlotte hakumfikii mtu yeyote aliyepiga kura Charlotte. Kunamfikia mwenye nyumba anayemdai mchungaji kodi. Ama kiwanja, kabla ya mtu kusimama na kupendekeza kwamba ushirika ujitoe na jengo lake, aulize hati imeandikwa kwa jina la nani. Kwa kawaida mali ya kanisa hapa nchini hushikwa na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, na katika kanisa letu mali hushikwa kwa dhamana ya kanisa zima, si ya waabuduo wa mahali pale. Kile kifungu cha Kitabu cha Nidhamu kilichowawezesha maelfu ya makanisa ya Marekani kuondoka na majengo yao kiliisha muda wake mwishoni mwa 2023, na kilikuwa cha Marekani. Anayewaahidi waumini kwamba watabadilisha kufuli leo na kesho watakuwa na kanisa lao anawapeleka mahakamani.

Wapo ambao, baada ya kusoma na kuuliza na kukaa vikaoni, dhamiri zao hazitawaruhusu kubaki, kama walivyofanya Wamethodisti wa Ivory Coast ambao Konferensi yao iliamua kujitoa Mei 2024. Wesley na mhubiri mwenzake George Whitefield waligombana vikali tangu 1739 kuhusu kuchaguliwa tangu awali, yaani kama Mungu ameshawachagua watakaookolewa, wakaandikiana maneno makali yaliyochapishwa, na kazi zao zikatengana kabisa; hata hivyo Whitefield alipofariki mwaka 1770, Wesley ndiye aliyehubiri London kwa kumbukumbu yake, kama Whitefield mwenyewe alivyokuwa ametaka. Kwa hiyo ukiamua kuondoka, ondoka kwa barua, uombe cheti chako cha ushirika, na umuage kiongozi wako wa darasa nyumbani kwake. Kabidhi kitabu cha risiti, mihtasari uliyokuwa ukiitunza, funguo za ofisi na sare ya kwaya, na uhakikishe anayepokea ametia saini. Mchango wa mazishi ambao ulikuwa umeshaahidi, umalizie kuulipa.